Hukumu za haki za kikatiba Tanzania: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hujirudia kila gazeti linapoandika kwamba mahakama "imefuta" sheria fulani. Majibu yanahusu Tanzania Bara, isipokuwa pale Zanzibar inapotajwa. Namba za vifungu ni zile zilizotumika ndani ya hukumu zenyewe. Sheria za nchi zimepangwa upya katika Toleo la Urekebu la 2023 na baadhi ya namba zimehama, kwa hiyo ukitaka kunukuu, fungua toleo jipya kwanza.

## Misingi

Haki zangu za kikatiba zimeandikwa wapi, na tangu lini naweza kuzidai mahakamani?

Ziko katika Ibara ya 12 hadi 29 za Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya 1977, pamoja na wajibu unaokwenda nazo. Wengi hudhani zilikuwamo tangu mwanzo. Hazikuwamo. Ziliingizwa kwa marekebisho ya 1984, kisha Serikali ikajipa miaka 3 ya kusafisha sheria zake kabla wananchi hawajaruhusiwa kuzipinga. Milango ilifunguka Machi 1988.

Usafi wenyewe haukufanyika sana, ndiyo maana miaka iliyofuata ilizaa hukumu nyingi za kukumbukwa. Mfano ni ile ya 1990 ya Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza, kuhusu Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya aliyeuza shamba la ukoo alilorithi kwa baba yake. Mpwa wake alikwenda mahakamani akidai kwamba kwa mila mwanamke hana uwezo huo. Jaji akasema mila hiyo inambagua mwanamke kinyume na Katiba, na kwamba masharti ya kuuza ardhi ya ukoo yawe yale yale kwa wanaume na wanawake.

Shauri la haki za kikatiba linafunguliwa mahakama gani?

Mahakama Kuu. Ibara ya 30(3) inasema hivyo, na utaratibu wake umo katika Sheria ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu wa Msingi, Sura ya 3, ya mwaka 1994. Shauri husikilizwa na majaji 3, ingawa jaji mmoja anaweza kulichuja mwanzoni aone kama ni la kipuuzi au la kusumbua watu tu. Asiyeridhika hukata rufaa Mahakama ya Rufani. Mahakama ya Mwanzo, ya Wilaya na ya Hakimu Mkazi haziwezi kutangaza kwamba sheria inakiuka Katiba, ila tazama swali kuhusu kesi ya jinai wilayani, chini.

Mahakama ikisema sheria ni kinyume cha Katiba, sheria hiyo inakufa siku hiyo hiyo?

Hapana, si lazima. Kama una muda wa kusoma jibu moja tu katika ukurasa huu, soma hili.

Kwa kawaida Ibara ya 64(5) inaifanya sheria inayopingana na Katiba kuwa batili kwa kadiri inavyopingana nayo. Lakini Ibara ya 30(5) inaipa mahakama njia nyingine: badala ya kuitamka sheria kuwa batili, inaweza kuipa Serikali au chombo kinachohusika muda wa kurekebisha kasoro. Katika muda huo sheria inaendelea kuhesabiwa kuwa halali. Basi hukumu inaweza kumpa mtu ushindi wa maneno kurasa 40, na kwenye ukurasa wa 41 ikasema sheria iendelee kutumika kwa mwaka mmoja.

Jambo la tatu ni rufaa. Mwanasheria Mkuu wa Serikali akishindwa Mahakama Kuu, mara nyingi hukata rufaa, na hukumu uliyoishangilia inaweza kupinduliwa. Mei 2020 Mahakama Kuu ilisema kifungu kinachonyima dhamana kwa makosa fulani kinakiuka Katiba. Ndugu za mahabusu wakaanza kuuliza kama watafute wadhamini. Agosti 5 mwaka huo huo, Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo. Miezi mitatu haikutimia.

## Kuisoma hukumu

Hukumu ina kurasa 50. Nianzie wapi?

Anzia mwisho. Tafuta amri: mahakama imeamuru nini, kwa nani, kuanzia lini. Halafu rudi mwanzo uone kilichoombwa, kwa sababu mahakama hujibu ilichoulizwa. Ukishajua kilichoombwa na kilichotolewa, ndipo usome hoja za katikati. Wanaoanza na hoja wakaishia njiani ndio wanaotuma ujumbe kwenye makundi ya WhatsApp kwamba sheria imefutwa.

Kila alichoandika jaji ni sheria?

Kinachofunga mahakama za chini ni kiini cha uamuzi, yaani sababu ambayo bila hiyo matokeo yasingekuwa yale. Jaji anaweza pia kusema mambo ya pembeni: kutoa mfano, kulaumu tabia ya ofisi fulani, kushauri Bunge. Maneno hayo yana heshima yake na wakili mzuri atayatumia, lakini hakimu hafungwi nayo.

Hukumu mbili za Mahakama ya Rufani zikipingana?

Desturi ni kufuata ya karibuni zaidi. Ila kwanza hakikisha kweli zinapingana. Mara nyingi utakuta zilihusu vifungu tofauti, au mambo ya kesi hayakufanana.

Nazipata wapi, na kwa nini nyingi ni za Kiingereza?

TanzLII, tovuti ya bure ya Mahakama ya Tanzania. Herufi TZCA kwenye namba ya hukumu zina maana ya Mahakama ya Rufani, na TZHC ni Mahakama Kuu.

Kuhusu lugha, sheria ilibadilishwa 2021 kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Mapema mwaka huo, kwenye Siku ya Sheria jijini Dodoma, Rais Magufuli alimpandisha Jaji Zephrine Galeba kwenda Mahakama ya Rufani akisifu hukumu aliyoiandika kwa Kiswahili akiwa Musoma. Hata hivyo ukifungua TanzLII leo utakuta Kiingereza kingi bado, hasa ngazi za juu. Mimi naona aibu kwamba mtu aliyeshinda kesi analazimika kutafuta wa kumsomea ushindi wake.

## Dhamana

Katiba inasema mtu hana hatia mpaka ithibitishwe. Kwa nini basi mshitakiwa wa mauaji hapewi dhamana?

Kwa sababu Katiba hiyo hiyo, Ibara ya 15, inaruhusu uhuru wa mtu kupunguzwa kwa utaratibu uliowekwa na sheria, na Ibara ya 30(2) inaruhusu sheria zinazobana haki kwa maslahi ya umma. Ubishi wote uko kwenye swali moja: sheria inaweza kubana hadi wapi?

Hukumu mama ni ya 1991, Mkurugenzi wa Mashtaka dhidi ya Daudi Pete. Mahakama ya Rufani, Jaji Mkuu akiwa Francis Nyalali, ilikuta kwamba kifungu cha 148(5)(e) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kilichozuia dhamana kwa aina fulani za unyang'anyi, kilikwenda mbali mno na hakikuweka utaratibu wowote wa kumlinda mshitakiwa. Kikaanguka. Kutokana na kesi hiyo na ya Kukutia Ole Pumbun ya 1993, ambayo iliondoa sharti la kuomba ridhaa ya Serikali kabla ya kuishitaki, tukapata kipimo kinachotumika hadi leo: sheria inayobana haki isiwe ya kionevu, na isibane kuliko inavyohitajika kufikia lengo lake. Kama wavu unanasa wasiohusika pamoja na wanaohusika, una matundu madogo mno.

Wengi walitarajia kipimo hicho kiangushe orodha nzima ya makosa yasiyo na dhamana katika kifungu cha 148(5): mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha, utakatishaji fedha na mengineyo. Mahakama Kuu ilikubali katika shauri la Dickson Sanga, Mei 2020. Mahakama ya Rufani ikakataa Agosti. Orodha ikabaki. Sikubaliani na matokeo hayo, hasa kwa utakatishaji fedha, kosa ambalo hati ya mashtaka inaweza kuliongeza kwa aya moja na mtu akakaa mahabusu huku upelelezi ukiitwa "haujakamilika" kila baada ya siku 14. Lakini ndiyo sheria, na anayekuahidi dhamana ya mauaji kwa kutaja Katiba anakudanganya.

Nilisikia Mkurugenzi wa Mashtaka hawezi tena kuzuia dhamana kwa hati yake. Ni kweli?

Nusu. Kifungu cha 148(4) kilimruhusu kuweka hati kwamba usalama au maslahi ya nchi yatadhurika, na hakimu akafungwa mikono bila hata kuuliza kwa nini. Wakili Jeremia Mtobesya alikipinga, akashinda Mahakama Kuu, na 2018 Mahakama ya Rufani ikakubaliana naye: kumnyima mtu nafasi ya kusikilizwa ni kuvunja Ibara ya 13(6)(a).

Nusu ya pili ni hii. Hukumu ile iliua kifungu kile. Sheria ya Uhujumu Uchumi ni sheria nyingine, nayo ilikuwa na hati yake inayofanana. Kifungu kinachofanana na kilichoanguka hakianguki chenyewe. Mtu lazima akipeleke mahakamani kwa jina lake.

Dhamana ya polisi inalipiwa?

Hailipiwi. Mdhamini husaini ahadi, hatoi fedha kaunta.

## Ndoa za utotoni

Mwanaharakati Rebeca Gyumi alishinda kesi ya umri wa kuolewa. Je, msichana wa miaka 15 bado anaweza kuolewa kisheria?

Hakuna swali linaloulizwa zaidi ya hili, na jibu lake linaudhi.

Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 13, iliweka umri wa chini kuwa miaka 18 kwa mvulana na 15 kwa msichana, huku mahakama ikiweza kuruhusu hata miaka 14. Kifungu cha 17 kikaongeza ridhaa ya mzazi au mlezi kwa msichana aliye chini ya miaka 18. Julai 8, 2016 Mahakama Kuu ilisema vifungu hivyo vinabagua na havipatani na Katiba. Ikaipa Serikali mwaka mmoja kuvirekebisha, na umri uwe miaka 18 kwa wote. Serikali ikakata rufaa. Oktoba 23, 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo.

Hapo ndipo mtu anategemea sheria mpya. Miaka ikapita baada ya hukumu ya Rufani bila Bunge kugusa vifungu hivyo, kukawa na duru za kukusanya maoni ya wadau. Kwa upande wangu, muda uliotolewa ulishakwisha, na baada ya kwisha hakuna kinachovikinga tena vifungu hivyo. Mfungishaji wa ndoa anayevitegemea anatembea juu ya hukumu ya mahakama ya juu kabisa ya nchi. Lakini katika ofisi ya kata au msikitini au kanisani, kitabu cha sheria kilichochapwa kina nguvu kuliko hukumu ambayo hakuna aliyeiona. Pia kuna ulinzi mwingine usiohitaji mjadala huu: Sheria ya Elimu, ilivyorekebishwa 2016, inafanya kuwa kosa la jinai kumuoa mwanafunzi wa msingi au sekondari au kuolewa naye, na kifungo chake kinafika miaka 30.

Hukumu hiyo inahusu Zanzibar?

Sheria ya Ndoa ya 1971 haitumiki Zanzibar. Zanzibar ina Katiba yake ya 1984, Mahakama Kuu yake na Mahakama za Kadhi, na masuala ya tafsiri ya Katiba ya Zanzibar pamoja na ya sheria ya Kiislamu yaliyoanzia kwa Kadhi hayaendi Mahakama ya Rufani.

## Kufungua shauri

Naweza kufungua shauri kwa niaba ya jamii, hata kama mimi sijaguswa?

Ibara ya 26(2) inampa kila mtu haki ya kuchukua hatua za kisheria kulinda Katiba, na katika kesi ya Mchungaji Christopher Mtikila ya 1994 Jaji Lugakingira aliifungua milango hiyo wazi: katika nchi yenye umaskini na wasiojua sheria, ukisubiri mwathirika mwenyewe aje, hatakuja.

Mwaka 2020 Bunge lilirekebisha Sura ya 3. Mleta maombi akatakiwa kuambatisha hati ya kiapo inayoeleza jinsi ukiukwaji ulivyomgusa yeye binafsi, na awe amemaliza njia nyingine zote za kisheria. Masharti hayo yenyewe yakapingwa mahakamani. Kabla hujaandika neno, soma hukumu za karibuni kuhusu kifungu cha 4; ni eneo linalosogea.

Ni nini huua mashauri haya mapema?

Mapingamizi ya awali, yaani hoja za kutaka shauri litupwe kabla halijasikilizwa. Mawakili wa Serikali huanza nayo karibu kila mara, na hushinda mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Kiapo chenye hoja za kisheria badala ya mambo ya kweli. Maombi yasiyotaja ibara mahsusi iliyovunjwa. Kubwa kuliko yote ni kifungu cha 8(2): kama kuna njia nyingine ya kutosha ya kupata nafuu, Mahakama Kuu haitatumia mamlaka yake ya kikatiba. Aliyefukuzwa kazi aende Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Aliyenyang'anywa kiwanja aende kwenye mabaraza ya ardhi. Kuiita dhuluma yako "ya kikatiba" hakuifanyi iwe hivyo.

Ibara ya 107A inazitaka mahakama kutenda haki bila kufungwa kupita kiasi na masharti ya kiufundi. Usiitumie kama kisingizio cha uzembe. Mahakama ya Rufani imeshawaambia mawakili mara nyingi kwamba kanuni haziondolewi na ibara hiyo.

Lazima niwe na wakili?

Hapana, unaweza kusimama mwenyewe. Sikushauri, kwa sababu za jibu lililotangulia. Asiye na uwezo anaweza kuomba msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, na wasaidizi wa kisheria wilayani wanaweza kukuelekeza, ingawa wao hawaruhusiwi kukuwakilisha mahakamani.

Nikishindwa nitalipa gharama za Serikali?

Kwa shauri la kikatiba lenye maslahi ya umma, majaji wengi huamuru kila upande ubebe gharama zake. Ni busara ya mahakama, siyo haki yako.

Nina kesi ya jinai wilayani na naamini sheria niliyoshitakiwa nayo inakiuka Katiba. Nifanyeje?

Mwambie hakimu, wazi, na uombe iandikwe kwenye mwenendo, yaani kumbukumbu za kesi. Kifungu cha 9 cha Sura ya 3 kinamtaka kulipeleka swali hilo Mahakama Kuu, akiona si la kipuuzi. Wengi hukaa kimya wakisubiri rufaa. Kwenye rufaa, jambo ambalo halikusemwa chini ni gumu kulifufua.

Siku zangu za kukata rufaa ni ngapi?

Kwenda Mahakama ya Rufani kwa shauri lisilo la jinai: notisi ya rufaa ndani ya siku 30 tangu hukumu, kisha rufaa yenyewe ndani ya siku 60 tangu notisi. Andika barua ya kuomba nakala ya mwenendo mapema na umpe mwenzako nakala ya barua hiyo. Usipofanya hivyo, siku za kusubiri nyaraka hazitaondolewa kwenye hesabu.

## Mawakili

Mwanasheria na wakili ni kitu kimoja?

Mwanasheria ni aliyesoma sheria. Wakili amepita pia Shule ya Sheria kwa Vitendo, akaapishwa na Jaji Mkuu na kuingizwa kwenye orodha, na kila mwaka anahuisha leseni yake. Asiyeihuisha hawezi kukusimamia, hata awe na mvi kiasi gani.

Nitamjuaje kishoka, yaani wakili bandia?

Tafuta jina lake kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama. Ni bure na huchukua dakika moja. Kishoka hukutana nawe nje ya geti la mahakama, ana muhuri mfukoni, hana ofisi, na anamjua hakimu. Nyaraka zilizosainiwa na mtu asiye na sifa zinaweza kutupwa, na fedha yako isirudi.

## Baada ya hukumu

Bunge linaweza kubadili Katiba ili kuishinda hukumu?

Limeshafanya hivyo. Mtikila alitaka mtu aruhusiwe kugombea bila chama. Oktoba 24, 1994 Mahakama Kuu Dodoma ikakubali. Siku chache kabla ya hukumu, Serikali ilikuwa imeshachapisha muswada wa kubadili Katiba kuzuia jambo hilo hilo, na Desemba ukapitishwa. Mtikila akarudi, 2006 Mahakama Kuu ikasema tena kwamba mgombea binafsi anaruhusiwa. Juni 2010 Mahakama ya Rufani ikasema suala hili ni la kisiasa, wenye nalo ni Bunge. Akaenda Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Arusha, ambayo Juni 14, 2013 ilisema Tanzania imevunja Mkataba wa Afrika. Mtikila alifariki 2015 bila kuona mgombea binafsi hata mmoja.

Bado naweza kwenda mahakama hiyo ya Arusha?

Mwananchi wa Tanzania hawezi kufungua shauri jipya moja kwa moja. Serikali iliondoa tamko la kuwaruhusu watu binafsi Novemba 2019, na uondoaji ukaanza kufanya kazi mwaka mmoja baadaye. Hukumu za kabla ya hapo zinaifunga nchi bado, ikiwamo ya Ally Rajabu ya Novemba 2019, iliyosema adhabu ya kifo ya lazima kwa mauaji inavunja haki ya kuishi kwa sababu inamnyima jaji nafasi ya kupima. Ndani ya nchi, Jaji Mwalusanya aliitamka adhabu ya kifo kuwa kinyume cha Katiba 1994 katika kesi ya Mbushuu, na Mahakama ya Rufani ikatengua 1995.

Jirani yake ni Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, nayo iko Arusha, iliyo wazi kwa mkazi yeyote wa nchi wanachama. Mwaka 2019 ilikuta vifungu kadhaa vya Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 vinakiuka Mkataba wa Jumuiya. Tahadhari: una miezi 2 tu tangu sheria itungwe au tangu ulipojua tendo unalolipinga, na mahakama hiyo haiongezi hata siku moja.

Naruhusiwa kuikosoa hukumu hadharani?

Iliyokwisha tolewa, ndiyo. Nimefanya hivyo hapo juu kwenye dhamana. Kosoa hoja. Ukisema jaji amehongwa, uwe na ushahidi wa kupeleka mahali panapohusika. Kesi inayoendelea ni habari nyingine: kuandika kwa namna ya kuelekeza matokeo kunaweza kukuingiza kwenye kosa la kudharau mahakama chini ya kifungu cha 114 cha Kanuni ya Adhabu. Kama rufaa imeshakatwa, eleza kilichoamuliwa na kinachobishaniwa, na maoni yako makali yahifadhi hadi Rufani imalize.